Lini Mtoto Amejua?

Katika darasa la kwanza la shule ya msingi, kujua huanza kwa sauti. Mwalimu ameandika ubaoni ba, be, bi, bo, bu. Anagusa kila silabi kwa kijiti na watoto wanaitamka kwa pamoja, mara ya kwanza kwa kusitasita, mara ya nne kwa nguvu inayosikika hadi darasa la jirani. Kisha silabi hizo hizo huandikwa hewani kwa kidole, halafu kwenye daftari kwa kalamu ya risasi, halafu mtoto mmoja mmoja huitwa mbele asome peke yake. Asipokwama, wenzake humpigia makofi na daftari lake hupata alama ya vema. Kwa utaratibu wa shule, jambo limekwisha: mtoto amejua. Kwa falsafa, na kwa dini zilizolea watoto kwa maandiko karne baada ya karne, hapo ndipo jambo linapoanza. Alichojua ni nini hasa? Alikijua lini: alipoweza kukirudia, au alipokielewa? Na kama kurudia na kuelewa ni mambo mawili, ni nani anayemvusha mtoto kutoka la kwanza hadi la pili?

Maswali haya hayawahusu wanafalsafa peke yao. Mwalimu huyajibu kila siku bila kuyatamka, kila anapoamua kufungua somo jipya au kubaki na la jana. Mwaka 2015, mtaala wa Tanzania wa darasa la kwanza na la pili uliwekewa msisitizo kwenye Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, stadi ambazo wazazi na walimu huziita KKK. Zinaonekana kuwa mambo madogo na mepesi kuliko yote yanayofundishwa shuleni. Ukweli ni kwamba ndizo zenye fumbo zito zaidi. Katika masomo ya baadaye mtoto hujenga juu ya kitu alichonacho tayari. Hapa anaanza karibu na mikono mitupu.

Kusoma ndiko kunakoonyesha fumbo hilo waziwazi, na kwa msomaji wa Kiswahili kuliko kwa wengine wengi. Kiswahili huandikwa karibu kama kinavyotamkwa. Irabu ni tano, kila moja ina sauti yake, na mtoto aliyekwisha kuimudu chati ya silabi anaweza kutamka neno lolote, hata lile ambalo hajawahi kulisikia. Mtoto anayejifunza kusoma Kiingereza hutumia miaka kuzoea maneno yasiyosomwa kama yalivyoandikwa. Wa Kiswahili hana mzigo huo, na hiyo ni neema kubwa. Lakini neema hiyo huitenga sauti na maana. Mtoto anaweza kusoma ukurasa mzima kwa sauti safi, akaheshimu nukta na mkato, kisha akiulizwa ni nani aliyekwenda sokoni akabaki kimya. Hali hiyo humpata hasa yule ambaye nyumbani kwao huzungumzwa Kisukuma, Kihaya au Kigogo, na ambaye Kiswahili anakutana nacho darasani kwa mara ya kwanza. Shule imelitengea tatizo hili zoezi lake, ikaliita ufahamu, na kuliweka mwishoni mwa kusoma, kana kwamba kufahamu ni jambo linaloongezwa baada ya kusoma kukamilika.

Mwanafalsafa aliyelichunguza jambo hili kwa makini zaidi katika karne ya 20 alikuwa mwenyewe mwalimu wa shule ya msingi. Ludwig Wittgenstein, mtoto wa mmoja wa matajiri wakubwa wa Vienna, alifundisha katika vijiji vya Austria ya Chini kuanzia 1920 hadi 1926: Trattenbach, Puchberg, kisha Otterthal. Akawaandalia wanafunzi wa shule za msingi kamusi ya tahajia, iliyochapishwa mwaka 1926. Kitabu chake kikuu cha baadaye kilitoka mwaka 1953, miaka miwili baada ya kifo chake, na kimejaa wanafunzi, ubao, mifuatano ya namba na walimu wanaosahihisha. Humo anamwazia mtoto anayejifunza kusoma. Mwanzoni anatamka maneno, mengine sahihi, mengine siyo, na mwalimu anasema kwamba alipopatia alibahatisha tu. Zoezi linaendelea, makosa yanapungua, siku moja mwalimu anasema: sasa anasoma. Wittgenstein anauliza: neno la kwanza alilolisoma kweli ni lipi? Jibu lake ni kwamba swali hilo halina pa kushika. Hakuna neno ambalo mtu anaweza kulinyooshea kidole na kusema kwamba kabla yake mtoto alikuwa anabahatisha na kuanzia hapo alikuwa anasoma. Kilichobadilika ni mwenendo wake mzima, na mwenendo haubadiliki kwa neno moja.

Hoja hiyo ina uzito mkubwa kwa mwalimu. Ikiwa kujua hakuingii kichwani kwa mpigo, basi hakuna kosa moja linalothibitisha kwamba mtoto hajui, wala jibu moja sahihi linalothibitisha kwamba anajua. Mwalimu anayesema "huyu tayari" anatoa hukumu inayopita ushahidi alionao. Anaamini kwamba kesho, mbele ya maneno mapya, mtoto atafanya vizuri kama leo.

Kuimba kwa pamoja kumelaumiwa kuliko shughuli nyingine yoyote ya darasani, na lawama ni za kale. Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 huko Tagaste, mji ambao leo ni Souk Ahras nchini Algeria, alisimulia alipokuwa askofu jinsi alivyosoma utotoni. Jumla za moja na moja, mbili na mbili, zilizoimbwa na darasa zima, zilimchukiza, ilhali hadithi ya farasi wa mti na kuungua kwa Troia ilimteka moyo. Miaka zaidi ya elfu moja na mia tano baadaye, Paulo Freire wa Brazil, katika kitabu alichokiandika mwaka 1968 juu ya elimu ya wanaoonewa, alichukua mfano unaofanana na huo: watoto wanaorudia kwamba nne mara nne ni kumi na sita bila kuona kumi na sita hiyo ina maana gani. Kwake, elimu ya namna hiyo humfanya mwanafunzi chombo cha kujazwa, na anayezoea kujazwa huzoea pia kutawaliwa.

Lawama hiyo ni ya haki, lakini imeacha jambo la msingi. Mtoto hawezi kuanza kwa kuelewa, kwa sababu kuelewa kunahitaji kitu cha kuelewa, na kitu hicho lazima kwanza kiwe mdomoni na mikononi mwake. Asiyejua kwamba baada ya tano inakuja sita hawezi kuulizwa kwa nini ni hivyo. Katika maandishi ya miezi yake ya mwisho, yaliyochapishwa mwaka 1969, Wittgenstein anasisitiza kwamba mtoto hujifunza kwa kumwamini mtu mzima, na kwamba shaka huja baada ya imani, haitangulii. Anamwazia mwanafunzi anayekatiza kila sentensi ya mwalimu kwa kuuliza kama vitu kweli vipo, kama maneno kweli yana maana. Mwanafunzi huyo hajawa mdadisi kuliko wenzake. Bado hajajifunza hata kuuliza, kwani kuuliza nako ni mchezo wenye taratibu zake, na taratibu hizo hupokelewa kwanza kwa kuaminiwa.

Kama ndivyo, kila darasa la kwanza limesimama juu ya imani, iwe shule ya serikali, ya misheni au ya Kiislamu. Mtoto anaimba asichokielewa kwa sababu anaamini kwamba kina maana na kwamba siku moja maana hiyo itafunguka. Hapo ndipo mapokeo ya dini yanapokuwa na mengi ya kusema kuliko nadharia nyingi za ualimu.

Kwenye mwambao wa Afrika Mashariki, mtoto wa Kiislamu anayesoma silabi za Kiswahili asubuhi huenda chuoni, yaani madrasa, alasiri kusoma herufi za Kiarabu. Huanza na alifu, be, te. Hufuata irabu zinazowekwa juu na chini ya herufi. Kisha Juzuu Amma, sehemu ya thelathini ya Kurani, yenye sura fupi. Wengi huhitimu Kurani nzima kabla ya kuweza kuunda sentensi moja ya Kiarabu. Kwa mtazamo wa Freire, hapa hali ingeonekana mbaya zaidi, maana si maana ya sentensi pekee iliyofichika, bali ya lugha nzima. Lakini lawama hiyo haigusi shabaha yote. Kwa Mwislamu, kuisoma Kurani ni ibada iliyokamilika yenyewe, na ubora wa ibada hiyo uko katika matamshi, adabu na nia. Hadithi ya Mtume Muhammad iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa mkewe, Bi Aisha, inaeleza kwamba anayesoma kwa ufundi yuko pamoja na malaika watukufu, na anayesoma kwa kukwamakwama na kwa taabu ana thawabu mbili. Ni vigumu kupata fundisho linalomthamini zaidi mwanafunzi anayeanza. Shuleni, kukwama hupunguza alama. Hapa, taabu ya kukwama inahesabiwa kuwa sehemu ya kazi yenyewe.

Hata hivyo wanazuoni hawakusema kwamba kusoma bila kuelewa kunatosha. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika Ihya Ulum al-Din kwamba mtoto apewe misingi ya imani mapema aihifadhi, kisha maana itamfungukia kidogo kidogo kadiri anavyokua. Kuhifadhi kwanza, kuelewa kufuate, kisha yakini. Na maana hiyo, kwa Ghazali, haipandwi kwa mabishano. Inakuzwa kwa kusoma, kwa tafsiri, kwa ibada na kwa kukaa na watu wema. Kuhifadhi ni hatua inayoelekea mahali fulani, na thamani yake inategemea kama safari itaendelea.

Ibn Khaldun, aliyeandika Muqaddimah mwaka 1377, alilitazama jambo hilo kama mchunguzi wa jamii. Alilinganisha namna watoto walivyofundishwa katika nchi mbalimbali. Watu wa Maghrib walianza na Kurani na kubaki nayo peke yake. Watu wa Andalusia walichanganya na mashairi, sarufi na mwandiko, na kwa hiyo vijana wao waliimudu lugha zaidi. Anaeleza pia pendekezo la kadhi Abu Bakr Ibn al-Arabi kwamba mtoto aanze na lugha na mashairi, afuatie hesabu, ndipo aje kwenye Kurani akiwa na uwezo wa kuielewa. Ibn Khaldun analikubali pendekezo hilo kuwa zuri, kisha anasema desturi hazilibebi: mtoto akicheleweshwa, huenda akakua, akatoka mikononi mwa wazazi, na Kurani ikampita kabisa. Kuna busara ya kipekee katika kusitasita huko. Mtu mmoja anaona wazi kwamba kuelewa kwanza ni bora, na anaona vilevile kwamba utoto hausubiri.

Upande wa Ukristo, Martin Luther alifikia utaratibu unaokaribiana sana na wa Ghazali. Mwaka 1529, baada ya kukagua parokia za Saxony na kukuta watu wasiojua hata Sala ya Bwana, alitoa Katekisimu Ndogo. Katika dibaji aliwaelekeza wachungaji wachague namna moja ya maneno na wasiibadilishe mwaka hadi mwaka, ili watoto na watu wasio na elimu wayashike neno kwa neno. Maneno yakishashikwa, ndipo wafundishwe maana yake, sehemu moja baada ya nyingine, bila haraka. Wanafunzi wa kipaimara katika sharika za Kilutheri za Tanzania bado wanaijifunza katekisimu hiyo, na nusu ya kwanza ya agizo la Luther inatekelezwa kwa bidii kila mahali.

Tatizo liko kwenye nusu ya pili. Ghazali na Luther wote wanafanya kukariri kuwa ahadi: mtoto anatoa utiifu wa ulimi wake leo, na mkubwa anajifunga kumlipa maana kesho. Ahadi hiyo ikitimizwa, kukariri ni zawadi, maana maneno yaliyohifadhiwa utotoni hukaa tayari kungojea siku yatakapohitajika. Isipotimizwa, mtoto ametumiwa. Ndiyo maana kazi ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy ilikuwa nzito kuliko kazi ya kutafsiri peke yake. Farsy alikuwa mwalimu wa shule Zanzibar kabla ya kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na tafsiri yake kamili ya Kurani kwa Kiswahili, iliyotoka mwaka 1969, iliwapa maelfu ya watu waliohitimu chuoni kile ambacho ndimi zao zilikuwa zimekibeba miaka mingi.

Hesabu ingedhaniwa kuwa salama na mashaka haya, kwa kuwa tatu ni tatu. Lakini ni katika hesabu ambapo kurudia na kuelewa hutengana kwa namna ya ajabu kabisa. Darasani kuna vizibo vya soda, vijiti, mbegu za mahindi. Mtoto anavihesabu kwa kuvigusa, na anafika kumi bila kuruka hata kimoja. Jean Piaget, mchunguzi wa Uswisi aliyetoa kitabu chake kuhusu namba kwa mtoto mwaka 1941, alionyesha kwamba huo bado si mwisho. Safu mbili za vitu zikiwa sawa kwa idadi na kwa urefu, mtoto mdogo hukubali kwamba ziko sawa. Safu moja ikitandazwa mbele ya macho yake iwe ndefu zaidi, wengi husema sasa ina vitu vingi zaidi, hata wale wanaojua kuhesabu. Wana majina ya namba, na bado hawana namba.

Kisha huja uandishi wa namba, na Kiswahili kinaweka hapo mtego wake. Mwalimu anasoma imla: ishirini na tatu. Mtoto anaandika 203. Mwalimu anaweka alama ya kosa, naye mtoto anashangaa, kwa sababu ameandika alichosikia, ishirini kisha tatu. Kwa njia hiyo hiyo mia moja na tano huwa 1005. Kosa hili ni la mtoto anayefikiri. Asiyefikiri angeandika chochote. Huyu ameshika kanuni, ameifuata kwa uaminifu, na kanuni yenyewe siyo.

Wittgenstein alilipeleka jambo hilo mpaka mwisho wake. Mwanafunzi anaambiwa aongeze mbili kila mara: 2, 4, 6, 8. Anaendelea vizuri mpaka 1000, kisha anaandika 1004, 1008, 1012. Akiulizwa, anasema amefanya vilevile kama mwanzo. Mwalimu atamthibitishiaje kwamba sivyo? Akimwonyesha tena mifano ya mwanzo, mwanafunzi ataisoma kwa namna yake. Akimpa kanuni ya kuielewa ile kanuni, hiyo nayo itahitaji kueleweka. Hakuna idadi ya mifano inayolazimisha akili ya mwingine ichukue njia moja tu. Kwa wasomaji wengi hoja hii huonekana kuwa ya kinadharia mno, lakini mwalimu wa darasa la pili aliyepata kusahihisha madaftari yenye 203 ameiona kwa macho yake. Watoto kwa kawaida hufika njia moja kwa sababu wanaishi pamoja, wanafanya pamoja, wanasahihishwa na kusahihishana. Kuimba kwa pamoja ni sehemu ya hayo.

Sasa linabaki swali la nani anayemvusha mtoto. Plato, katika mazungumzo yanayoitwa Meno, anatoa kitendawili: mtu hawezi kutafuta anachokijua, kwa sababu anacho, wala asichokijua, kwa sababu hatakitambua akikiona. Socrates anajibu kwa vitendo. Anamwita kijana mtumwa asiyejua jiometria, anamchorea mraba wenye upande wa futi mbili, eneo nne, na kumwuliza upande wa mraba wenye eneo mara mbili. Kijana anajibu kwa uhakika: upande wa nne. Anaonyeshwa kwamba eneo limekuwa 16. Anajaribu tatu, linakuwa 9. Anakiri kwamba hajui. Kwa maswali mengine anafika kwenye mstari wa pembe kwa pembe wa mraba wa kwanza, ambao mraba wake una eneo la 8 kamili. Socrates anasema hakumwambia lolote. Kijana amekumbuka yale ambayo nafsi yake iliyajua kabla hajazaliwa.

Jibu la nafsi kukumbuka halikukubaliwa na wengi, na Augustino mwenyewe alilikataa katika maandishi yake ya baadaye. Lakini kile Plato alichokiona hakikupotea. Katika kitabu kifupi cha mwaka 389 hivi, kinachosimuliwa kama mazungumzo kati yake na mwanawe Adeodatus, Augustino anahoji kama kuna binadamu anayeweza kumfundisha mwingine hata kidogo. Mwalimu anatoa maneno, na maneno ni ishara. Ishara haimpi maana asiyekijua kile kinachoashiriwa. Humkumbusha au humwelekeza akatafute. Mwanafunzi anaposikia kwamba tatu na tano ni nane, anachopokea kutoka kwa mwalimu ni sauti. Ukweli wake anauona ndani, na anayemwangazia huko ndani, kwa imani ya Augustino, ni Kristo, Mwalimu pekee. Hakuna mzazi, asema, anayempeleka mtoto shule ili ajue mwalimu anawaza nini.

Thoma wa Akwino alilijibu hilo katika miaka ya 1250, kwa mfano wa tabibu. Mwili hupona kwa nguvu zake wenyewe, lakini tabibu huusaidia kwa dawa zinazofuata njia ile ile ambayo mwili ungeifuata. Vivyo hivyo, akili ya mtoto ndiyo inayojua, na mwalimu anaipangia ishara katika mfuatano ambao akili ingeufuata kama ingeweza kujitafutia yenyewe. Jibu hili lina nguvu kwa sababu linaheshimu pande zote mbili. Linamwondolea mwalimu fahari ya kudhani kwamba anamimina maarifa, na linampa kazi halisi ya kupanga: vizibo kabla ya tarakimu, makumi na mamoja kabla ya 23, hadithi inayosimuliwa kwa mdomo kabla ya hadithi ile ile kusomwa kitabuni.

Yote haya huharibika pale mtoto anapoogopa. Mwishoni mwa somo mwalimu huuliza, "Mmeelewa?" na darasa hujibu kwa sauti moja, "Ndiyo, mwalimu!" Jibu hilo halina habari yoyote ndani yake ikiwa anayesema hapana atachekwa au kuchapwa. Ibn Khaldun aliandika kwamba ukali dhidi ya wanafunzi, hasa wadogo, huwaondolea uchangamfu na kuwafundisha uongo na hila, wakaonyesha nje yasiyo ndani mwao ili mkono usiwafikie. Maneno hayo yanaeleza "ndiyo, mwalimu" ya woga bila kubakiza kitu. Augustino anasimulia kwamba sala zake za kwanza utotoni zilikuwa za kuomba asichapwe shuleni. Na Wittgenstein, ambaye baadaye angeeleza vizuri kuliko yeyote kwamba kosa la mtoto lina kanuni yake, aliwapiga watoto kwa sababu ya makosa ya hesabu, na akaiacha kazi ya ualimu mwaka 1926 baada ya mvulana mmoja kuzirai alipompiga. Kijana wa Meno alikuwa mtumwa na hakuwa na hiari ya kukataa kuitwa, lakini alikosea mara mbili mbele ya watu wazima na hakuadhibiwa. Bila hilo asingefika kwenye jibu la tatu.

Kwa hiyo njia za kutambua kwamba mtoto ameelewa ni zile zinazohitaji amani. Swali hubadilishwa umbo: aliyesema saba na tano ni kumi na mbili anaulizwa ni ngapi zimepungua ili saba zifike kumi na mbili. Aliyesoma hadithi anaisimulia upya kwa lugha ya nyumbani kwao. Aliyeandika 203 anaulizwa amefikaje hapo, na anapewa vijiti afunge mafungu mawili ya kumi na kubakiza vitatu. Aliyejua anamweleza wa dawati lake, kwani katika darasa lenye watoto sitini na zaidi mwalimu mmoja hawezi kuuliza kila mmoja. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi aliyefariki mwaka 1934, aliiona nafasi hiyo kati ya kile mtoto anachoweza peke yake na kile anachoweza akishikwa mkono kuwa ndiyo uwanja wenyewe wa kufundisha. Alichokifanya leo kwa msaada, kesho atakifanya mwenyewe. Julius Nyerere, mwalimu wa sekondari kabla ya siasa, alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shule za Tanzania zikuze akili ya kuuliza, uwezo wa kujifunza kutokana na wanayoyafanya wengine, na mtu kujiamini. Mambo hayo matatu hayapimiki kwa alama za vema, na hayawezi kungojea darasa la saba, kwa sababu mtoto hujifunza kama kuuliza kunaruhusiwa katika wiki zile zile anazojifunza ba na be.

Ibn Khaldun alishauri kila fani ipitiwe mara tatu: mara ya kwanza kwa muhtasari wa mambo yake makuu, kadiri akili ya mwanafunzi inavyoweza kubeba, mara ya pili kwa maelezo na tofauti za wataalamu, mara ya tatu bila kuacha gumu lolote limefungwa. Darasa la kwanza ni ile mara ya kwanza. Mtoto anayeimba jedwali la kuzidisha hadharani hana deni la kuelewa yote siku hiyo. Shule ndiyo inayodaiwa mara ya pili na ya tatu, na kumtafutia mwalimu muda na nafasi ya kuzitoa.